Siku ya Kwanza Kuliona Ziwa

Niliajiriwa kuwafundisha watoto jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliweza. Lilikuwa limeandikwa kwenye jalada la mwongozo wa mwalimu: stadi za maisha. Kuzitambua hisia zako. Kuzitaja bila kuona aibu. Kumsikiliza mwenzako mpaka amalize. Kutulia kabla ya kujibu. Niliusoma mwongozo ule mara mbili ndani ya treni kutoka Dodoma, nikiweka alama kwa penseli, na kila nilipofika kwenye ukurasa wa kutulia nilijikuta nimeinuka kuhakikisha kama begi langu bado lipo, ingawa lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Ajira ya serikali haikuwa imetoka, nikachukuliwa na mradi mmoja wa elimu uliotaka vijana wa kufundisha somo hilo katika shule za msingi, darasa la sita na la saba, watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano. Nikapangiwa shule moja upande wa Katubuka. Mwalimu mkuu wake alikuwa mama wa Ujiji aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Alinipokea vizuri, akanipa kabati lenye kitasa kibovu, akaniambia kwamba kila mwezi madaftari yote ya somo langu yapitie mezani kwake apige muhuri, kama ilivyo kwa hesabu na jiografia. Nilitaka kumweleza kwamba madaftari ya hisia ni kitu tofauti, kwamba mtoto akijua daftari lake linasomwa na mtu wa pili hataandika. Nilitafuta namna ya kulisema jambo hilo kwa heshima. Nilipoipata, alikuwa ameshaondoka kwenda kugawa chaki.

Wiki sita za mwanzo zilikuwa mbaya. Nilikuwa nikisimama mbele ya darasa la saba, watoto hamsini na wawili, nikiuliza kama mwongozo ulivyoelekeza: leo mnajisikiaje? Darasa zima linajibu kwa sauti moja, kama wanaimba.

"Tunajisikia vizuri, mwalimu."

Nikisema leo tutaje jambo lililotukasirisha, wanajibu pamoja kwamba hakuna, mwalimu. Nikimwita mmoja mmoja, anasimama, anaangalia juu kwenye mbao za paa, kisha anarudia jibu la mwenzake neno kwa neno. Jioni nilizunguka chumbani nikijiuliza kosa ni langu au ni la swali. Nilibadilisha mpangilio wa madawati. Nikabadilisha sauti yangu. Siku moja nikabadilisha hata shati, nikihisi lile la mistari linanifanya nionekane kama mkaguzi. Hakuna kilichosaidia. Nikaanza kuamini kwamba watoto wale hawakuwa wamezoea kuangalia ndani yao, na kwamba mimi ndiye niliyeletwa kuwaonyesha njia. Nalisema hilo leo kwa sababu nililifikiri kweli, tena kwa huruma.

Ile ilikuwa miaka ya wakimbizi. Maturubai meupe ya misaada yalikuwa yamefunika mabanda ya mbuzi na vibanda vya chai. Magari ya mashirika yalipita barabarani yakitimua vumbi, na redio ilikuwa ikitangaza majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao. Waliotoka Burundi walitakiwa kukaa kambini, huko upande wa Kasulu, na anayetoka bila kibali hurudishwa kwa lori. Lakini kila mtu alijua kwamba mjini pia wapo, wamepanga vyumba, wanalima vishamba vya watu, wanauza sabuni. Kila mtu alijua ila mimi, maana mimi nilijua kama mtu anavyojua habari ya gazeti. Kiha na Kirundi vilikuwa sauti moja masikioni mwangu. Watu wa pale waliweza kumtambua mtu kwa jinsi anavyosema neno moja tu sokoni, wakatabasamu, wakaendelea kupima dagaa. Mimi nilisikia lugha ya huku, basi.

Usiku mmoja wa mawazo mengi nilipata swali ambalo halina jibu la pamoja. Nikaona jinsi lilivyo zuri, nikashindwa hata kumaliza chakula. Nilikumbuka asubuhi treni ilipokaribia Kigoma, nilivyopenyeza kichwa dirishani na kuliona ziwa, mimi niliyekulia mahali ambapo maji ni ndoo. Nilihisi kitu kifuani ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Nikaona hilo ndilo: kila mtu ana siku yake ya kwanza kuliona ziwa, na haiwezekani ifanane na ya jirani.

Jumatatu niliwasimulia yangu kwanza. Kisha nikaandika ubaoni: Mara ya kwanza nilipoliona ziwa. Nikawaambia waandike walichohisi, na wawe wakweli, kwa sababu daftari hili ni letu wenyewe.

Walitazamana. Nyuma mtu akacheka puani. Monita wa darasa, binti mmoja ambaye wazazi wake walinunua na kuuza samaki kwenye mwalo wa Katonga, boti za wavuvi zinapofikia, alinyoosha kidole taratibu.

"Mwalimu, mtu analionaje ziwa mara ya kwanza?"

Nikamwambia afikiri vizuri, aikumbuke siku ile.

"Mimi nimezaliwa likiwepo."

Darasa likaangua kicheko. Mwingine akasema labda mwalimu anataka tukumbuke tumboni. Mwingine akauliza kama Dodoma kuna siku ya kwanza kuliona vumbi. Nilicheka nao, kicheko cha mtu anayezama, nikasisitiza waandike chochote. Hawakuniangusha, waliandika chochote. Kuhusu kuanguka kutoka kwenye mtumbwi, kuhusu kuibiwa kandambili ufukweni, kuhusu dagaa walioanikwa na mvua iliyokuja. Hakuna hata mmoja aliyeandika kuhusu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo.

Isipokuwa mmoja. Aliketi dawati la tatu karibu na dirisha, binti mpole, mrefu kidogo kuliko wenzake, ambaye katika wiki sita nilikuwa sijasikia sauti yake nje ya lile jibu la pamoja. Aliinamisha kichwa akaandika ukurasa mzima bila kuinuka. Nilipita nikausoma juu ya bega lake, na nywele zikanisimama kwa furaha. Nikamwomba awasomee wenzake. Akatikisa kichwa. Mwongozo ulisema mwanafunzi mwenye haya atiwe moyo. Nikamtia moyo. Akatikisa tena kichwa, safari hii akiitazama meza. Basi nikalichukua daftari kwa upole nikasoma mwenyewe, kwa sauti niliyoiona nzuri.

Nimeyakariri maneno yale bila kutaka. Aliandika: "Mara ya kwanza kuliona ziwa nilikuwa juu ya mlima. Tulikuwa tumetembea siku nyingi na miguu yangu ilikuwa imevimba. Nikaona kitu kinawaka huko chini. Nikamwambia mama tazama, kule kuna shule kubwa sana, wameezeka bati. Mama akacheka. Alikuwa hajacheka tangu tutoke nyumbani. Akasema si bati, ni maji. Tulipofika chini akaninawisha uso kwa yale maji. Akasema panda mtumbwi na hawa watu, usigeuke nyuma, mimi namfuata mdogo wako. Mimi nikageuka. Nikamwona anapanda mlima."

Nilipomaliza nilisubiri. Nilitarajia kile ambacho mwongozo ulikiita kupokea hisia za mwenzako. Monita akasimama.

"Mwalimu, kengele."

Haikuwa imelia. Nilikuwa na saa mkononi, dakika kumi na tano zilikuwa bado. Lakini watoto hamsini walikuwa wameshasimama, wanakusanya madaftari, wanaburuta madawati, na katikati ya ghasia ile yule binti wa dirishani alitolewa nje nami sikuona ametoka na nani. Niliduwaa na chaki mkononi. Nikahitimisha kwamba hawana nidhamu, kisha nikahitimisha kwamba wameguswa mno. Nilihitimisha mengi siku ile.

Saa kumi nilikwenda kunywa chai kwenye kibanda kilicho karibu na shule. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye kazi yake imeshika. Nikawasimulia walimu wenzangu wawili kwamba kumbe watoto hawa wana mambo mazito, kwamba kuna binti mmoja ameandika jinsi alivyoliona ziwa kutoka mlimani baada ya kutembea siku nyingi, akadhani ni bati. Mmoja wa walimu aliweka kikombe chini. Mwingine alianza ghafla kuzungumzia mpira. Mimi nikaendelea. Meza ya pili alikuwa ameketi mtendaji wa kata, mtu wa makamo aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Alikuwa akikoroga chai yake ya tangawizi.

"Wa darasa la ngapi huyo, mwalimu?" akauliza.

"La saba," nikamjibu. Tena nikaongeza kwamba ana kipaji.

Akashukuru, akasema watoto wenye vipaji ni hazina, akalipa akaondoka. Yule mwalimu aliyeanza habari za mpira akanitazama muda mrefu. Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi, lakini wasiwasi kwangu ulikuwa jambo la kila siku, sikuweza kuutofautisha huu na mwingine.

Jumanne asubuhi yule binti hakuja. Mwalimu mkuu aliniita ofisini kabla ya kipindi cha kwanza, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na daftari la uandikishaji limefunguliwa. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa. Ilikuwa imeandikwa Mwamgongo.

"Umeshafika Mwamgongo, mwalimu?"

Nikasema sijafika.

"Haina barabara. Unakwenda kwa boti, unapita Gombe, unashuka. Ukitoka mlangoni kwa mtu pale, hatua ishirini uko majini. Mtoto wa Mwamgongo ataliona ziwa mara ya kwanza kutoka mlima gani?"

Ndipo nilipoelewa. Nililielewa jambo zima kwa mkupuo mmoja, nikaketi bila kukaribishwa. Akaniambia mengine kwa sauti ya kawaida, akipanga karatasi. Kwamba shangazi wa yule mtoto anaishi Katubuka na watoto wengine wadogo wanne. Kwamba mtendaji amepewa agizo la kukusanya majina ya watoto ambao familia zao zimetoka kambini, na kesho Jumatano anapitia shule hii. Jina likiingia kwenye orodha, lori linakuja nyumbani na watu wote sita wanarudishwa. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki tano, na mtoto akishaondolewa shule aliyosajiliwa, namba yake ya mtihani imekwenda.

"Darasa zima wanajua?" nikauliza.

"Tangu darasa la pili."

Nilifikiri kuhusu sauti ile moja, tunajisikia vizuri mwalimu. Miaka mitano watoto wale walikuwa wamekaa na jambo lile, wakigombana, wakinyang'anyana kalamu, wakitukanana kama watoto wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitumia. Mimi nilikuwa nimeletwa kuwafundisha kuchunga moyo wa mwenzao. Nikaivunja siri yao mara mbili kabla ya jua kuchwa, mara ya pili nikiwa na andazi mkononi.

Nikaanza kumwaga mawazo. Nitauchana ukurasa. Nitamwendea mtendaji nimwambie nilidanganya ili nionekane mwalimu hodari. Nitaacha kazi. Nitasema ni mtoto wa shule nyingine. Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka nikamaliza, kitu ambacho mimi sikuwahi kumfanyia mtu.

"Ukichana, ataona palipochanwa, na karatasi ya upande wa pili itachomoka," akasema. "Juzi ulifundisha nini darasani?"

"Jana. Stadi za maisha. Kutambua hisia."

"Hapana. Ulifundisha insha ya kubuni. Uliwataka wabuni habari ya mtu mgeni anayeliona ziwa. Wote wameandika, na wewe umesahihisha."

Nikasema hawakuandika, wameandika mambo ya kandambili. Akaniangalia kama anayepima kitambaa.

"Una vipindi viwili vya kwanza. Nenda."

Nilisimama mbele ya darasa lile nikiwa sijui nianzie wapi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu njiani, kutoka mlango wa ofisi mpaka mlango wa darasa, hatua arobaini labda. Nikasema tu kwamba jana swali langu lilikuwa na makosa, kwamba nataka kila mmoja aandike insha ya kubuni, ajifanye mgeni kutoka mbali, analiona ziwa kwa mara ya kwanza. Nikanyamaza, nikisubiri waulize kwa nini. Hakuna aliyeuliza. Madaftari yalifunguliwa. Monita peke yake ndiye aliyenyoosha kidole.

"Tuweke tarehe ya jana, mwalimu?"

Alisema hivyo kama anayeuliza kama wapige mstari pembeni. Nikamwambia ndiyo. Wakainama wakaandika, na kwa muda wa vipindi viwili nilisikia kalamu tu na kuku wa jirani. Nilisahihisha pale pale, daftari baada ya daftari, kwa wino mwekundu. La yule binti lilikuwa limebaki mezani kwangu tangu jana. Chini ya ukurasa wake, karibu kabisa na yale maneno ya mama kupanda mlima, nikaandika: Insha ya kubuni. Umebuni vizuri sana. Nikaweka alama kumi na nane juu ya ishirini. Nilifikiri muda mrefu kuhusu zile mbili nilizozipunguza.

Mchana nilikwenda Katubuka. Asipokuwepo kesho, kutokuwepo kwake tu kungeliandika jina lake kwenye orodha. Shangazi yake alikuwa ameketi nje, anachambua chikichi, vidole vyekundu kwa mafuta. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba bila kuniangalia, akanisogezea kigoda kwa mguu. Nilijitambulisha. Akasema ananijua, mimi ndiye mwalimu wa maswali.

Nikaulizia mtoto. Akasema amekwenda Mwamgongo, bibi yake anaumwa. Alilisema kwa utulivu, bila kusita hata kidogo, na mimi niliyezoea kudai ukweli wa moyoni niliona aibu mbele ya uongo ule uliosimama wima. Nikampa pole ya bibi. Kisha nikamweleza kwamba darasa zima limeandika insha ya kubuni kuhusu ziwa, kwamba ya mtoto wake ni nzuri, kwamba kesho kuna mgeni atakayepita kuangalia madaftari, na mtoto anayekosekana siku ya wageni huulizwa sana. Nililisema mara mbili kwa mpangilio tofauti. Aliendelea kuchambua.

"Na wewe, mwalimu," akasema mwishowe, "umeamini ameibuni?"

"Ndiyo, mama. Nimeamini."

Akainua uso akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Sijui aliona nini. Akapangusa mikono kwenye kanga, akaniambia jambo ambalo ningependa asingeniambia.

"Alikuwa anakusifu humu ndani. Anasema kuna mwalimu mmoja akiuliza, ananyamaza asikie jibu. Mimi nilimwambia, huyo ndiye wa kumwogopa."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlio wa ndoo ikiwekwa chini, taratibu, na mtu asiyetaka isikike. Hatukugeuka, yeye wala mimi. Nikaaga.

Usiku ule sikulala, lakini sina la kusimulia kuhusu usiku ule. Jumatano asubuhi nilimkuta dawati la tatu karibu na dirisha, sare imepigwa pasi, nywele zimenyolewa upya. Sikujua nimsalimie vipi. Nikasalimia darasa zima, wakajibu kwa sauti moja, na kwa mara ya kwanza nililisikia jibu lile vizuri.

Mtendaji alifika saa nne na mwalimu mkuu nyuma yake. Watoto wakasimama, shikamoo mzee, akawaketisha kwa mkono. Hakutoa vitisho. Alisema amesikia darasa hili lina waandishi, akaomba madaftari machache. Nilikuwa nimeyapanga nikiwa nimeliweka la yule binti liwe la tisa, si la mwanzo wala la mwisho. Nilikuwa nimekaa nusu saa nikiamua kuhusu hiyo tisa.

Akasoma ya kwanza akatabasamu. Akasoma ya pili kwa sauti: mwandishi wake alikuwa amekuja kutoka Dodoma juu ya paa la treni pamoja na ngamia, na alipoliona ziwa aliuliza nani amemwaga. Darasa likacheka, mtendaji akacheka, hata mwalimu mkuu. Kuna aliyelidhani ziwa ni shuka la hospitali. Monita aliandika kwamba alitoka Shinyanga akadhani ng'ombe wote wa dunia wangetosha kunywa hapo wakabakiza. Mtendaji alifungua moja moja mpaka akafika la tisa, akaacha kusoma kwa sauti. Alilisoma kimya. Alilisoma mara ya pili. Niliona macho yake yakifika kwenye wino wangu mwekundu, yakarudi juu.

"Nani mwenye hili?"

Yule binti akasimama.

"Hii uliiona au umeibuni?"

"Nimeibuni, mzee."

"Yote?"

"Yote."

Mtendaji akageuza ukurasa, akaurudisha. Sauti yake ilikuwa ya chini kama kawaida, karibu ya upole.

"Na huyu mama aliyekunawisha uso?"

Sikuwa nimelifikiria swali hilo. Katika mambo yote niliyoyafikiria tangu Jumanne, na nilikuwa nimefikiria mpaka namna ambavyo mtendaji angeshika karatasi, sikuwa nimefika hapo. Yule binti hakumtazama mtendaji. Alinitazama mimi, aliyekuwa amewaambia kwamba daftari lile ni letu wenyewe.

"Huyo pia nimembuni," akasema.

Mtendaji akafunga daftari. Akaliweka juu ya mengine, akayapanga kingo zilingane. Akamwambia ana kipaji, akazane na mtihani. Ofisini alimwomba mwalimu mkuu orodha, akapewa karatasi iliyosema hakuna, akaisaini. Mpaka leo sijui kama aliamini. Wakati mwingine nafikiri alielewa kila kitu tangu kwenye chai, na kwamba swali lile la mwisho lilikuwa la kutuonyesha tu bei ya uongo wetu. Wakati mwingine nafikiri alikuwa mtu mwenye kazi nyingi. Mwalimu mkuu alipiga muhuri madaftari yote hamsini na mawili mchana ule ule na hakulizungumzia tena.

Wiki tano zilizobaki niliendelea kufundisha. Sikuuliza tena mtu anajisikiaje. Tulifanya mazoezi ya kusikiliza, wawili wawili, mmoja anaeleza jinsi ya kupika kitu, mwenzake anarudia. Mwongozo haukuwa na somo kama hilo. Watoto walinivumilia vizuri, hata wakaanza kunitania kuhusu ngamia. Yule binti alijibu alipoulizwa. Kwenye daftari aliandika mistari miwili tu kila wiki, misafi, yenye nukta mahali pake, nami nilisaini bila kujua kama nimesamehewa au nimefungiwa mlango, na nilikuwa na siku nyingi za kujiuliza.

Mtihani ulifanyika. Walimu wa shule huwa hawasimamii watoto wao, nilipelekwa shule nyingine upande wa Ujiji kusimamia watoto nisiowajua. Siku zote mbili niliona madawati ya watu na kufikiria dawati la tatu. Jioni ya pili nilirudi, mwalimu mkuu akaniambia kabla sijauliza kwamba waliosajiliwa wote walikaa, hakuna nafasi iliyobaki wazi.

Siku ya kuagana watoto walikuja kuchukua madaftari yao. Yeye alikuja baada ya wenzake kutoka. Alilifungua lake mezani kwangu kwenye ukurasa ule, akatoa wembe uliofungwa kwenye karatasi, wa aina ile wanayotumia wanafunzi kukwangua wino wakikosea, akauweka pembeni mwa maneno yangu mekundu.

"Uyatoe, mwalimu," akasema.

Nikaketi, nikaanza kukwangua. Wino mwekundu hautoki upesi kama wa bluu. Nilitoa alama kumi na nane kwanza, kisha vizuri sana, kisha nikafika kwenye lile neno lenyewe, kubuni, ambalo nilikuwa nimelikandamiza. Alisimama karibu akiangalia kazi, hakunihimiza wala hakunionea huruma. Karatasi ilikwisha kabla ya wino, ikatoboka. Nikaacha kukwangua nikamwonyesha. Akaliinua daftari kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kupitia tundu, akasoma maneno yake yaliyo juu, midomo ikicheza.

"Inatosha," akasema. Akaufunga wembe kwenye karatasi yake, akalibana daftari kwapani, akaenda zake Katubuka.